Kashe Mbili Nyekundu

Muzee Paluku alizikwa Jumanne, na Alhamisi mjane wake, Mama Kavira, akanipigia simu niende Himbi nikachukue kitu changu. Sikujua kama nilikuwa bado na kitu katika nyumba ile. Imepita zaidi ya miaka ishirini tangu nitoke humo, na siku niliyotoka nilibeba kila kilichokuwa changu, hata brashi iliyokuwa imebaki na manyoya matatu. Nilikwenda hata hivyo. Nilikaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki cha matanga ambacho mwenyewe alikuwa hajakuja kukichukua, nikanywa chai ya maziwa yenye sukari kupita kiasi, nikawasikiliza wanawake wa ukoo wakibishana jikoni kama maharagwe ya Kibumba yanaiva upesi kuliko ya Masisi. Kisha Mama Kavira akaleta bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na ukanda wa karatasi, mrefu kama mkono wangu, mpana kama kiganja, umekatwa kwa wembe upande mmoja. Niliutambua kabla sijautoa wote, kwa sababu aliyeukata ni mimi. Una mistari mitatu ya Kichina inayoshuka kutoka juu, na chini yake kashe mbili nyekundu, yaani mihuri miwili midogo ya mraba. Nyuma yake, kwa mwandiko wa Muzee ulioinama kama mtu anayepanda mlima na mzigo, kuna tafsiri ya Kifaransa. Nimeisoma mara nyingi mno wiki hii, naweza kuisema kwa Kiswahili bila kuangalia: Hii imechorwa na Espérance wa Goma. Mimi niliyemfundisha kushika brashi, leo nimekaa mbele ya kazi yake kama mwanafunzi.

Chini ya tafsiri Muzee aliweka tarehe. Ni ya mwaka uleule niliotoka kwake, miezi minne tu baada ya mambo ninayotaka kuyaeleza. Maana yake alimpata mtu wa kumsomea, akajua, akaandika, akafunga bahasha, kisha akaishi miaka yote hiyo akinipa mkono mbele ya kanisa kila Jumapili na kuniuliza kama biashara inaendelea. Biashara inaendelea. Nina kibanda Katindo, karibu na kambi ya wanajeshi, naandika vibao vya saluni na maduka ya dawa, na wageni wakija nachora sokwe. Nimechora sokwe wengi kuliko walio hai msituni. Mama Kavira aliniona nimekaa na ule ukanda mapajani, akaja kunishika bega. "Haukujuaka, mutoto yangu," aliniambia. "Ulikuwa kijana. Ile kosa ni ya muzee, na yeye eko chini ya udongo sasa." Nilimshukuru, nikamaliza chai, nikapanda pikipiki kurudi nyumbani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ulikuwa mwaka wa pili tangu lava ipite katikati ya mji, na watu walikuwa wakijenga nyumba za mbao juu ya mawe ambayo mvua ikinyesha yalikuwa bado yanatoa mvuke. Muzee Paluku alikuwa mchoraji pekee wa Goma aliyekuwa amesoma uchoraji shuleni, Kinshasa kwanza, kisha mwaka mmoja Ulaya ambao aliuzungumzia kana kwamba ulikuwa kumi. Atelie yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chumba kirefu cha mabati chenye sakafu ya mawe, harufu ya mafuta ya taa na rangi ya nyumba, madirisha mawili yanayoangalia ziwa. Alikuwa hachori sura ya kitu. Aliita kazi yake abstre, na mji mzima ulimcheka kwa siri, kwa sababu mtu anayelipa picha anataka aone ng'ombe au Bikira Maria. Mimi sikucheka. Mara ya kwanza nilipoona turubai yake kubwa ya rangi ya udongo, tabaka juu ya tabaka, imekwanguliwa kwa kisu hadi rangi ya chini ikatokeza kama kidonda, nilihisi kitu ambacho sikuwahi kuhisi mbele ya ng'ombe yeyote. Nilimwomba anipokee, akanipokea. Nilifagia, nilipika chai, nilitandaza rangi ya kwanza kwenye turubai zake, na saa sita tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo, kwenye sahani moja, yeye akinieleza kwamba picha haimaliziki mpaka isibaki nafasi hata ya kidole, kwamba ukikosea unafunika, ukikosea tena unakwangua, na kwamba picha nzuri ni ile iliyofunika makosa mengi. Nilimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Alikuwa mtu anayeweza kukupa maisha, na alijua.

Ndiye aliyenituma Birere kununua mabeseni ya kuoshea brashi. Kulikuwa na duka la Mchina huko, duka la termosi, masufuria, mablanketi na maua ya plastiki, na nyuma ya kaunta mwanamke mfupi wa miaka kama hamsini alikuwa ameinama juu ya gazeti la zamani, akiandika juu ya habari za watu kwa brashi nene iliyosimama wima. Hakuinua kichwa. Nilisubiri na mabeseni yangu, na badala ya kukasirika nikawa naangalia mkono. Mkono haukuegemea popote. Ulitembea toka begani, ukashuka, ukasimama, ukageuka, na alama aliyoiacha ilikuwa nyeusi upande mmoja na karibu kijivu upande mwingine, kwa mpigo mmoja. Kwa Muzee alama kama hiyo ingechukua asubuhi nzima. Nilimwuliza anafanya nini, akaniangalia, akazungusha gazeti, akanipa brashi. Niliiharibu ile karatasi vizuri sana. Alicheka hadi akafunika mdomo, kisha akaniambia nirudi kesho. Alikuwa Mama Lin. Alikuwa amekuja na mumewe miaka mitatu nyuma, mume akaenda Bukavu, kisha Kisangani, kutafuta biashara nyingine, na kila aliporudi alikaa siku chache. Mtaa ulimwita Mama Chinois na kusema mengine yote mbele yake kwa sababu uliamini haelewi.

Alielewa. Nilikuwa nakaa nyuma ya pazia, kwenye chumba kilichojaa makatoni hadi darini, na meza moja, na jiko la makaa, na kalenda yenye samaki wekundu, nikisikia wateja wakimjadili dukani. Walisema anakula nyoka. Walisema mume amemtoroka. Mwanamke mmoja alimwambia mwenzake kwamba bakuli la Mchina likivunjika usinung'unike, ni kwamba limetengenezwa na watu wa jela. Mama Lin aliwapimia mashuka yao, akarudisha chenji, akaja nyuma ya pazia na kunirudia maneno yote, moja moja, kwa Kiswahili chake cha duka kilichokosa viungo, akinyoosha kidole kila neno. Kiswahili chake kilimchosha mtu asiyekizoea. Alikuwa anakata maneno katikati, namba zote akisema kwa Kifaransa, na sauti yake ilipanda mahali ambapo sisi tunashusha. Baada ya mwezi mmoja mimi nilikuwa namwelewa kama ninavyomwelewa dada yangu. Saa nane alipika. Mboga zake za lengalenga alizipitisha kwenye mafuta ya moto na kitunguu saumu muda wa kuhesabu hadi kumi, zikaja mezani kijani kabisa, zingali zinatafunika kama majani ya mbuzi, na sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, juu ya wali. Mara ya kwanza nilikula kwa adabu. Baadaye nilianza kuona lengalenga za kwetu zimeuawa mara mbili.

Alinifundisha kusaga wino kabla ya kunifundisha kitu chochote. Unachukua kijiti kigumu cha masizi na gundi, unadondosha maji kwenye jiwe, unazungusha polepole mpaka maji yawe mazito na yang'ae. Siku kumi sikufanya kingine. Mimi, kwa kiburi cha mtu wa Goma, nikamletea jiwe la lava nililolisugua mwenyewe wiki nzima hadi likawa na bonde zuri katikati, nikamwambia mji wetu wote ni jiwe la wino. Alilipokea kwa mikono miwili, akadondosha maji, na jiwe likayanywa yote. Akadondosha tena, likanywa. Tulicheka siku ile mpaka mteja akaja kuchungulia. Kisha akanionyesha kwamba weusi mmoja una weusi wa aina tano ndani yake, kutoka weusi mkavu wa sufuria iliyoungua hadi ule wa maji ambayo yamepita tu karibu na wino. Kwamba karatasi yake haikubali kusahihishwa, ukigusa umegusa. Na kwamba nafasi nyeupe si mahali ambapo mchoraji hajafika, bali mahali alipoamua kutokwenda. Niliyaelewa haya kwa maneno yake kama thelathini na kwa mkono wake ulioushika wangu. Nilikuwa narudi Himbi nikiwa na masizi kwenye kucha, nakuta Muzee anakwangua, nachukua kisu changu, nakwangua naye.

Kwa miezi kadhaa niliishi hivyo, asubuhi kujaza na alasiri kuacha wazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa najiona mwerevu sana. Muzee alijua ninakokwenda, na mwanzoni ilimchekesha. Aliniuliza kama yule mama amenifundisha kuandika majina ya masufuria. Lakini nilipoanza kuleta karatasi akaanza kuziinua dirishani, akazikazia macho, na kicheko kikaisha. "Jaza, Espe," alisema. "Hii tupu ni ya nini? Batu batasema haukumaliza." Mama Lin kwa upande wake aliangalia vipande vya turubai nilivyompelekea, akavigusa kwa kucha pale penye tabaka kumi za rangi, na akaniuliza kwa nini picha imevaa makoti mengi. Hawakuwahi kukutana. Kila mmoja alimjua mwenzake kwa makosa ya mkono wangu tu.

Picha yenyewe niliichora mwezi wa kiangazi, katika darasa moja tupu la shule ambalo mlinzi aliniachia kwa Jumapili tatu. Nilimwomba Mama Lin karatasi zake kubwa, tukagandisha nne pamoja, nikazilaza sakafuni. Nilitaka kuchora ile lava, si mlima, si moto, si watu wanaokimbia na magodoro kichwani kama wachoraji wengine wote wa mji walivyokuwa wakichora ili kuwauzia wageni. Nilitaka uzito wake tu, jinsi ulivyoingia mjini bila haraka. Nikafunga ufagio wa majani, nikauchovya kwenye ndoo ya wino, nikauburuta kutoka kushoto kwa nguvu za mgongo. Nilisubiri ukauke. Nikapitisha tena, mwembamba zaidi. Tena. Tabaka kumi na tatu, kama Muzee, lakini kila tabaka ya maji na masizi, kila moja ikiacha ya chini ionekane, na mahali pamoja nikakwangua kwa kisu mpaka nyuzi za karatasi zikasimama. Kisha upande wa kulia nikaacha. Nusu nzima ya karatasi, nyeupe. Nilisimama pale na ufagio ukidondosha, na nikajua kwamba hii haikuwa ya Muzee wala ya Mama Lin. Sijawahi kujua jambo jingine kwa uhakika kama ule, wala kabla wala baadaye. Nilikaa chini kwenye sakafu ya darasa nikalia kidogo, kwa furaha, nasema wazi.

Muzee alipoiona aliizunguka mara tatu. Hakusema jaza. Alisema ataiweka kwenye maonyesho. Kulikuwa na shirika moja la wageni pale Himbi lenye ukumbi mzuri, na mkuu wake alikuwa amemwahidi Muzee wiki mbili za kuonyesha kazi za atelie. Yule mgeni alikuja kuangalia, wakakaa barazani, na mimi nikatumwa kuleta chai na jibini ya Masisi. Nilikuwa nyuma ya mlango na sinia mkononi nilipomsikia Muzee akieleza kwa Kifaransa chake kizuri kwamba kwa miaka mingi alikuwa anatafuta namna ya kuoa wino wa Asia na abstre ya Ulaya, kwamba mbinu ni yake, kwamba yule binti ni mkono tu, mkono mzuri, lakini mkono. Mgeni akasema ni jambo la ajabu kukuta fikra kama hiyo Goma. Muzee akacheka kwa unyenyekevu. Nilihesabu vikombe kwenye sinia, vilikuwa viwili na kibakuli cha sukari, nikasukuma mlango kwa goti, nikawamiminia. Sikumwaga hata tone. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama ningesema neno moja, na jibu huwa lilelile: ningefukuzwa kesho yake, na nilitaka ile picha itundikwe ukutani kuliko nilivyotaka haki. Hasira ile niliimeza nzima nzima. Haikusagika.

Ilibaki kuigandisha picha juu ya karatasi ya pili ili isimame vizuri, na kazi hiyo aliijua Mama Lin peke yake. Alipika uji wa unga wa muhogo, akauchuja mara nne kwenye kitambaa, akailowesha picha kwa nyuma mpaka nikadhani imekufa, akaipaka, akaibandika ukutani dukani, juu ya makatoni ya termosi. Alinifukuza wiki nzima. Alisema nikija nitaigusa. Siku ya nane alinikabidhi imeviringwa ndani ya shuka jipya, akanishika mikono yote miwili kwa muda, macho yake yanang'aa. Niliifungua Himbi, mbele ya Muzee. Ilikuwa imenyooka kama kioo. Na pembeni kabisa kulia, kwenye ule weupe wangu niliouacha kwa makusudi, kulikuwa na mistari mitatu ya maandishi na kashe mbili nyekundu.

Lazima mtu aelewe kashe ni nini kwetu. Karatasi isiyo na kashe haipo. Mtoto hajazaliwa, maiti hajafa, shamba halina mwenyewe, mpaka mtu apige kashe, na aliyepiga ndiye mwenye neno la mwisho. Muzee aliinama, akagusa ule wekundu kwa kidole, akaniangalia kwa huruma ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa ya kweli. "Mu hii inchi, mwenye kashe njo mwenye kitu," alisema. "Amekunyang'anya." Na mimi, niliyekuwa nimenyang'anywa barazani wiki mbili kabla na kumimina chai, nilipata hatimaye mtu ninayeweza kumkasirikia. Alikuwa mgeni, alikuwa peke yake, mtaa mzima haukumpenda. Ile hasira yote iliyokuwa imekaa tumboni ilitoka kwa kishindo. Nilisema maneno kumhusu Mama Lin ambayo hata wateja wake hawakuwahi kuyasema. Muzee akavaa koti, akasema twende tukashitaki, anamfahamu mkubwa mmoja kwenye ofisi ya mtaa.

Tulikwenda, na yaliyotoka huko yalienda mbali kuliko nilivyofikiri. Jioni ile nilikata ukanda kwa wembe, juu ya meza ya atelie, nikautupa sakafuni, na sasa najua nani aliuokota. Duka lilifungwa kwa mnyororo. Vijana wa ofisi waliingia na kutoka humo siku tatu, na termosi zikaonekana kwenye nyumba ambazo hazikuwa na termosi. Kabla ya wiki kwisha Mama Lin alivuka mpaka kwenda Gisenyi na sanduku moja. Mtu aliyemwona kwenye kizuizi aliniambia kwamba hakuangalia nyuma, lakini watu husema hivyo kila mara, sijui. Maonyesho yalifunguliwa. Picha yangu ilitundikwa mahali pazuri, na kwenye kadi chini yake waliandika Atelie Paluku. Jina langu halikuwapo. Siku ya pili mgeni mmoja aliyekuwa anamaliza kazi yake Goma aliinunua, akaiviringa, akaondoka nayo, na sijui iko nchi gani wala ukuta gani. Nilibaki kwa Muzee miezi mitatu mingine nikijaribu kuchora ya pili. Karatasi haikuwapo, wino haukuwapo, na wa kuniambia niache wapi hakuwapo. Nikaondoka kwake. Mwezi mmoja baadaye, kwa mujibu wa tarehe yake, akafunga bahasha.

Hivyo ndivyo ninavyoisimulia, kwa wachache niliowahi kuwasimulia, na kila mmoja hunipa pole na kusema wale wawili, Muzee na mkubwa, waliniponza. Na kuna mila ambayo nimekuja kuisoma baadaye, kwamba huko kwao Mama Lin mwalimu au rafiki huandika juu ya picha aliyoiheshimu, na kashe yake ni heshima, na picha nzuri huweza kubeba kashe nyingi za watu wengi bila kuacha kuwa ya aliyeichora. Ningeijuaje? Watu hutikisa kichwa. Ningeijuaje. Lakini nimeiruka ofisi, na Mama Kavira aliponishika bega Alhamisi na kunisamehe, niligundua kwamba nimeiruka kwa zaidi ya miaka ishirini.

Ofisi ilikuwa chumba cha mbao, meza moja, benchi moja, kalenda ya kampuni ya bia. Mama Lin aliletwa na vijana wawili, bado ana aproni ya duka. Mkubwa alikuwa na kashe zake tatu mezani, zimepangwa kwa ukubwa. Aliitandaza picha, akaitazama kichwa chini, na kilichomvutia haikuwa picha. Alimwuliza Mama Lin nani alimpa ruhusa ya kutengeneza kashe Congo. Alisema hiyo si kesi ya picha tena, ni kashe ya uongo, na kila mtu mwenye kashe ya uongo atalala ndani, awe Mchina awe Mkongomani. Wakati huo vijana walikuwa wametoa mfukoni mwa Mama Lin vijiwe viwili, virefu kama kidole, vimechongwa chini kama kashe. Wakaviweka mezani. Kimoja kilikuwa cha zamani, kimelainika kwa mikono. Kingine kilikuwa kipya, bado kina unga wa jiwe pembeni. Mama Lin alianza kueleza, na kwa woga Kiswahili chake kilivunjika zaidi, na mkubwa akapiga meza akasema haelewi hata neno. Akanigeukia mimi, kwa kuwa Muzee alikuwa amemwambia kwamba nilikuwa nashinda dukani kwake.

Mama Lin naye akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayeona mlango. "Espe, weye eleza yeye," alisema. "Kwetu mwalimu andika juu kama kazi pita mwalimu. Hii kashe yangu, ya baba yangu. Hii mupya si yangu. Hii ya Espe. Jina yako. Mimi kata siku tano, weye piga kwa picha yote, mpaka uzee."

Nilielewa kila neno. Sikuwa na shaka hata moja, siwezi kusema nilichanganyikiwa, siwezi kusema alisema haraka. Nilikiona kile kijiwe kipya na nikajua kwamba jina langu liko chini yake, na kwamba ndilo lile lililokuwa limepigwa kwenye weupe wangu, jina la mchoraji, mahali pake, kwa mara ya kwanza. Niliona pia kashe tatu za mkubwa, na mnyororo wa yule kijana mlangoni, na Muzee ameegemea ukuta anasubiri. Mkubwa akaniuliza anasema nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja.

"Anasema picha ni yake," nilisema. "Na kashe yote mbili ni yake."

Mama Lin alikuwa ameuza masufuria Birere kwa Kiswahili zaidi ya miaka mitatu. Aliniangalia muda ambao unaweza kusagia wino, na mimi nikaangalia kalenda. Sijui kama alinihurumia au alinidharau, na nimejaribu vyote viwili, hakuna kinachonipa usingizi. Kisha akamgeukia mkubwa na, polepole, kwa Kiswahili ambacho hata yeye hakushindwa kukielewa, akasema, "Ndiyo. Yote yangu."

Mkubwa aliandika hivyo. Aliandika taratibu, akauliza jina langu linavyoandikwa, akapiga kashe yake ya buluu mara mbili kwa sababu ya kwanza haikushika wino, kisha akanigeuzia karatasi na kunipa kalamu, na mimi nikatia sahihi, jina lote.